Visu vinne vya kukunja vya bei kubwa: kipi kinakufaa ukiishi Mombasa?

Maelezo mengi kuhusu visu vya kukunja vya daraja la juu yameandikwa na watu wa nchi za baridi kavu. Ni maelezo mazuri, lakini aliyeyaandika hajakaa Mombasa mwezi wa Februari, kaskazi inavuma, shati limegandana na mgongo saa nne za asubuhi na kila chuma ndani ya nyumba kinatafuta njia ya kushika kutu. Mtu wa hapa akiufuata ushauri ule kama ulivyo, anaweza kutoa shilingi elfu hamsini akapata kisu kizuri mno kisichomfaa.

Nimechukua visu vinne ambavyo mnunuzi wa vitu vya daraja hili hukwama kati yake: Chris Reeve Sebenza 31, Spyderco Para Military 2, Benchmade Bugout 535 na Spyderco Spydiechef. Vyote hufunguka kwa mkono mmoja. Vyote vina kufuli la kuuzuia ubapa usijikunje ukala vidole. Na hakuna hata kimoja ambacho ubapa wake unafika sentimita kumi. Opinel na Victorinox nimeziacha nje, si kwa ubaya. Ni visu vya heshima, ila bei yake ni nyingine kabisa na anayezitaka hana haja ya kusoma ulinganisho mrefu.

Vipimo nilivyotumia

Cha kwanza ni chumvi, na nakiri wazi kwamba nimekipa uzito kuliko vingine vyote. Chuma cha pua kinastahimili kutu kwa sababu ya kromiamu, ambayo hutandaza ngozi nyembamba isiyoonekana juu ya chuma. Muuzaji atakutajia asilimia ya kromiamu kana kwamba hiyo inamaliza mambo. Haimalizi. Ndani ya chuma, sehemu ya kromiamu hushikana na kaboni ikawa chembe ngumu; chembe hizo husaidia makali yadumu, lakini kromiamu iliyofungwa humo hailindi tena kitu. Ndiyo maana chuma chenye kromiamu asilimia 14 kinaweza kushindwa na chenye asilimia 11 hivi, ikiwa hicho cha pili kimeiacha kromiamu yake huru. MagnaCut, kilichobuniwa na Mmarekani Larrin Thomas na kutangazwa mwaka 2021, kilipangwa hivyo tangu mwanzo. LC200N kinapita njia nyingine: kaboni imepunguzwa sana na nitrojeni ikatiwa mahali pake.

Ukitaka kuona kutu inavyoanza, usiangalie makali. Fungua kisu, kilaze kwenye mwanga wa dirisha, utazame karibu na pini ya katikati pale ubapa unapozungukia, kisha ndani ya herufi za kampuni zilizochorwa kwa leza. Utaona vidoa vya rangi ya chai, viwili vitatu, vidogo kuliko punje ya mtama. Pitisha ukucha juu yake. Ukucha ukikwama, kutu imeshachimba. Jasho la mfukoni linatosha kuleta hayo, huhitaji kuzamisha kisu baharini.

Kipimo cha pili ni kunoa. Vyuma vya bei kubwa vina vanadiamu, na chembe za vanadiamu ni ngumu kuliko jiwe la kawaida la kunolea. Jiwe linaisugua ile sehemu laini ya chuma inayozizunguka chembe, zenyewe zikibaki vilevile, nawe unasugua nusu saa bila kupata makali ya maana. Dawa yake ni bamba la almasi, yaani bamba la kunolea lililopakwa punje za almasi. Na kwa vyovyote vile usimpe kisu cha namna hii fundi wa cherehe. Fundi anaweza kuwa hodari wa visu vya jikoni na mapanga, lakini jiwe linalozunguka kwa kasi bila maji huchemsha ncha nyembamba ya makali. Ukiona rangi ya zambarau au buluu imetokea hapo, ugumu ulioulipia umeondoka.

Cha tatu, mfuko. Suruali ya jinzi hubeba chochote. Kanzu ina mfuko wa ubavuni wa kitambaa chepesi, na gramu 130 zinauvuta upande mmoja hadi watu wanaona. Aliyejifunga kikoi hana pa kupachika klipu, kile kibano cha kukishikiza kisu kwenye nguo, hata kidogo.

Cha nne ni kufuli na usafi wake: je, unaweza kuosha ndani, kutoa mchanga na nyuzi za mfukoni, kukausha? Cha tano ni bei, pamoja na kitakachofuata kisu kikiharibika, maana hivi havina karakana ya kampuni hapa kwetu. Kuna kifurushi cha kwenda Marekani na kurudi, na huko nyuma ulishalipa usafiri, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16.

Chris Reeve Sebenza 31

Chris Reeve alianza kazi ya visu Afrika Kusini, akahamia Boise, jimbo la Idaho, mwaka 1989. Jina lake limebaki kwenye aina ya kufuli lililoigwa na karibu kila kampuni: bamba la mpini lenyewe limepasuliwa kwa urefu, ulimi wake ukapindwa kidogo ndani, na kisu kikifunguka ulimi huo unaruka na kukaa nyuma ya ubapa. Katika toleo hili la 31, mahali ulimi unapogusa ubapa pamewekwa gololi ya seramiki.

*Chumvi.* Mpini wote ni titaniamu, na titaniamu haijui kutu. Ubapa wa 31 nyingi za awali ni chuma cha S45VN, baadaye kikaja MagnaCut. Kwa Mombasa tofauti hiyo ni kubwa, kwa hiyo ukinunua cha mkono wa pili uliza chuma kabla ya kuuliza bei. S45VN hukaa vizuri mfukoni mwa mtu wa ofisini anayekifuta. MagnaCut humstahimili hata aliyesahau.

*Kunoa.* Bamba la almasi, bila mjadala. Ukiwa nalo, kazi si ngumu kama watu wanavyotisha, kwa sababu ubapa umesagwa mwembamba nyuma ya makali.

*Mfuko.* Kuna kikubwa chenye ubapa wa milimita 92 hivi na uzito wa gramu 130 na kitu, na kuna kidogo cha milimita 76 chenye gramu 85 hivi. Watu hukimbilia kikubwa. Mimi ningesema, kwa mavazi ya hapa na kazi za mjini, kidogo ndicho chenye akili zaidi. Anayetumia mkono wa kushoto aagize toleo la kushoto, kwani la kawaida limekaa upande wa kulia.

*Kufuli na usafi.* Hapa Sebenza inastahili sifa kamili. Kampuni inamtaka mwenye kisu akifungue mwenyewe, na hukupa ufunguo wa skrubu zake ndani ya sanduku. Unatoa skrubu chache, mabamba mawili yanaachana, unaosha kila kipande, unakausha, unatia grisi kidogo, unafunga, na ubapa unarudi katikati palepale ulipokuwa. Kwa mtu anayeishi mita mia mbili kutoka majini, jambo hili lina thamani kuliko mapambo yoyote.

*Bei.* Zaidi ya dola 400, yaani zaidi ya shilingi elfu 50 kabla ya usafiri na ushuru.

*Kinamfaa* mtu anayenunua mara moja akitaka kukaa nacho miaka mingi, anayependa kufungua vitu na kuvitunza. Hakimfai mwenye tabia ya kuazimana vitu.

Spyderco Para Military 2

Huyu ni mfanyakazi. Ubapa wa milimita 87, uzito wa gramu 110 hivi, tundu la duara la kufungulia ambalo Spyderco wamelifanya alama yao tangu mwaka 1981. Tundu hilo si pambo: mkono ukiwa na jasho au mafuta ya samaki, dole gumba linaingia na kushika pale ambapo kijiti cha pembeni cha visu vingine kingeteleza.

*Chumvi.* Cha kawaida kina S45VN, na mpini wake wa G10, ambao ni nyuzi za kioo zilizoshikanishwa kwa gundi ngumu, haunywi maji wala kuvimba. Udhaifu uko ndani: bitana za chuma zilizofichwa chini ya G10, ambazo huzioni na hivyo huzikumbuki. Spyderco wana ukoo wa visu uitwao Salt, uliotengenezwa mahususi kwa maji ya chumvi, na Para Military 2 imeingizwa humo kwa MagnaCut. Ukiipata hiyo, sina pingamizi lolote la kutu. Ukikosa, chukua ya kawaida lakini uwe mtu wa kufuta.

*Kunoa.* Kama Sebenza, almasi. Ncha yake ni nyembamba sana, tamu kwa kutoa mwiba au kufungua kifurushi, lakini ukiigeuza bisibisi itakatika.

*Mfuko.* Kinaonekana. Ni kipana, na kikikunjwa kinachukua nafasi ambayo ungeweka funguo. Klipu yake inahamishika pembe zote nne, juu au chini, kushoto au kulia.

*Kufuli na usafi.* Bamba dogo la chuma kwenye mgongo wa mpini huingia kati ya mkia wa ubapa na pini ya kuzuilia. Uzuri wake ni kwamba unapofunga kisu, vidole vyako haviko kwenye njia ya ubapa. Kwa anayenunua kisu chenye kufuli kwa mara ya kwanza, ningeweka jambo hili mbele ya aina ya chuma. Mgongo uko wazi, maji yanapita, unaweza kukiosha chini ya bomba bila kukifungua.

*Bei.* Karibu nusu ya Sebenza, au chini yake kidogo. Salt iko juu kidogo.

*Kinamfaa* fundi, mtu wa godauni au bandarini, anayekata kamba na maboksi kutwa na anayetaka kisu kisichomtia huruma kukitumia.

Benchmade Bugout 535

Kilitoka mwaka 2017 na sifa yake ya kwanza ni uzito: gramu 52, uzito wa yai la kuku, na ubapa wa milimita 82. Hakuna kingine kati ya hivi vinne kinachokaribia hapo.

*Chumvi.* Cha kawaida kina S30V, chuma kizuri, lakini kwa kutu ndicho kinachodai uangalizi zaidi katika orodha hii. Mpini ni plastiki ngumu iliyotiwa nyuzi za kioo, salama kabisa. Ndani mna vipande vidogo vya chuma na springi mbili nyembamba, moja kila upande, nazo ndizo za kuogopewa chumvi ikikauka juu yake.

*Kunoa.* Ubapa ni mwembamba, hivyo hukata kuliko unavyotarajia: embe dodo linamenywa ganda likitoka utepe mmoja. Almasi ni bora.

*Mfuko.* Hapa ndipo kinaposhinda wenzake wote. Mfuko wa kanzu haukivuti. Suruali ya kitambaa ya mtu wa ofisini haionyeshi kitu. Klipu inazama ndani na kukificha kisu, jambo ambalo ni adabu pia, maana si kila mtu anapenda kuona kisu kiunoni mwa jirani yake kwenye matatu.

*Kufuli na usafi.* Fimbo ndogo inayopita upande hadi upande huvutwa nyuma kwa kidole, ubapa unaachia. Kushoto na kulia ni sawa, hivyo mashoto hana haja ya toleo lake. Mchanga ukiingia kwenye njia ya fimbo utausikia kabla ya kuuona. Mpini hupinda kidogo ukiubana kwa nguvu. Haimaanishi umevunjika, ni gharama ya wepesi.

*Bei.* Jirani na Para Military 2. Benchmade hunoa visu vyao bure kwa mwenye kisu, lakini ukipiga hesabu ya kukituma kutoka Posta ya Mombasa hadi Oregon, ni afadhali ujifunze kunoa.

*Kinamfaa* mtu wa mjini ambaye kisu ni cha barua, maboksi, matunda na uzi wa kanzu. Hakimfai wa kazi nzito.

Spyderco Spydiechef

Kisu kilichobuniwa na Marcin Slysz, fundi wa Poland, na ukikishika mara ya kwanza unaona kina umbo la kisu cha mpishi kilichokunjwa. Makali yanashuka chini ya mpini, kwa hiyo unaweza kukata juu ya ubao vifundo vya vidole visigonge.

*Chumvi.* LC200N na titaniamu. Hii ndiyo jozi iliyo karibu kabisa na kusahau kutu. Unaweza kumpaa changu ufukweni, ukakisuuza kwa maji ya bahari, ukakikunja, ukala kwanza, kisha ndipo ukikumbuke. Sikushauri, lakini kitakusamehe.

*Kunoa.* Rahisi kuliko vyote vinne. LC200N haina zile chembe ngumu, hivyo hata jiwe la kawaida linafanya kazi. Badala yake, makali hayadumu kama ya MagnaCut. Ukikata maboksi kutwa, utanoa mara kwa mara. Kwangu huo ni ubadilishanaji wa haki: kisu kinachonoleka nyumbani kwa dakika tano kina faida kuliko kinachokaa butu kikisubiri bamba la almasi ambalo halijaagizwa.

*Mfuko.* Gramu 120 hivi, ubapa wa milimita 84, kipana. Jinzi, sawa. Kanzu, hapana.

*Kufuli na usafi.* Kufuli ni la ulimi wa titaniamu kama la Sebenza. Kinaoshwa kwa urahisi.

*Bei.* Kati ya Sebenza na hivyo viwili. Shida ni upatikanaji. Mara kipo, mara kimekwisha.

*Kinamfaa* mvuvi wa starehe, mpishi, mtu wa mashua, na familia inayoshinda Jumapili ufukweni.

Kabla hujalipa

Sebenza, Para Military 2 na Bugout zina bandia nyingi, nyingine zimefanana hadi sanduku. Bei ndiyo shahidi wa kwanza: hakuna Sebenza mpya ya shilingi elfu sita. Nunua kwa muuzaji anayetambuliwa na kampuni yenyewe, au kwa mtu atakayekuruhusu ukifungue na kukitazama ndani.

Kuhusu kutembea nacho, sheria ya utulivu wa umma inakataza kwenda na silaha kwenye mikutano na maandamano, na mlinzi au askari hatachambua kama ubapa wako ni wa embe au wa ugomvi. Usiende nacho uwanjani, mahakamani wala kwenye mkutano wa siasa. Kwenye stesheni ya SGR ya Miritini mizigo hunuswa na mbwa na kupita kwenye mashine, usitarajie kupita nacho. Ukisafiri kwa ndege kitoke kwenye begi la mkononi, kiingie kwenye mzigo unaokabidhiwa.

Suala la kuosha lina mtego wake hapa kwetu. Nyumba nyingi za Mombasa zina maji ya kisima yenye chumvi kwenye bomba, na ukikisuuza kisu kwa hayo unakiongezea ulichotaka kuondoa. Tumia maji matamu, hata ya kopo moja. Kausha kwa kitambaa, kiache wazi kwenye upepo, kisha tone la mafuta ya cherehani kwenye pini ya katikati. Mafuta ya kupikia usiyatie. Yanageuka utomvu na kukusanya vumbi. Na dafu liachie panga, kisu cha kukunja si kazi yake.

Kulingana na hali yako

Unashinda ofisini Treasury Square au Nyali, unavaa suruali nyepesi na Ijumaa kanzu: Bugout, na ukifute jioni. Kama pesa si tatizo na unachukia kufikiria kutu, Sebenza ndogo ya MagnaCut inakaa mfuko uleule.

Uko Kilindini, Shimanzi au Changamwe, kazi ni kamba, mabelo na mikanda ya plastiki: Para Military 2. Ukifanyia kazi karibu na maji, subiri ya Salt hata kama itachelewa.

Una mashua Tudor au Mtwapa, au jikoni ndiko unakoshinda: Spydiechef. Ikiwa haipatikani, Para Military 2 Salt inashika nafasi yake kwa kamba na samaki, ingawa ubaoni haitakuwa sawa.

Unamnunulia kijana wako kisu chake cha kwanza cha maana: tazama kufuli, si chuma. Para Military 2 inamlinda vidole anapofunga. Bugout pia ni salama, na nyepesi kwake.

Unamnunulia mzee zawadi ya kustaafu, mtu wa kupenda vitu vilivyotengenezwa vizuri: Sebenza, na umketishe umwonyeshe inavyofunguliwa. Ila kwanza muulize vidole vyake. Ulimi wa titaniamu unataka nguvu ya dole gumba, na mwenye baridi yabisi atafurahia fimbo ya Bugout zaidi.

Na ikiwa fedha ulizotenga zinatosha kisu tu bila bamba la almasi, basi ama shuka kwenye kisu cha bei ndogo kidogo ununue vyote viwili, ama chukua Spydiechef utumie jiwe ulilonalo.